Kutoka Lindi hadi Woolston: siku sita nikifuata kiwanda kilichopigwa mabomu

Nimerudi Lindi, hii ni wiki ya tatu. Daftari langu lililowa mvua pembeni na kurasa mbili zimegandana, kwa hiyo mengine nimeyafufua kwa kutazama picha za kwenye simu. Naandika kwa sababu watu wengi wameniuliza: fundi wa gereji amekwenda Ulaya kutafuta nini kwenye kiwanda kilichokufa tangu 1940?

Jibu linaanzia kwa babu yangu mzaa mama. Alikuwa mvuvi hapa hapa Lindi. Ujana wake aliona ndege kubwa ikishuka juu ya ghuba, ikakata maji kama jahazi lililojaa upepo, kisha ikatulia na kufungwa kwenye boya. Mwaka 1937 Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walianzisha safari ya ndege za majini kutoka Southampton, Uingereza, hadi Durban. Zilipita Misri na Sudan, zikashuka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha zikaendelea Msumbiji. Babu hakusoma hata darasa moja, ila jina la mji ule alilishika mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akisema "Sausamtoni". Ukimuudhi alikuwa akikuambia, "Nenda zako Sausamtoni huko."

Mimi ni fundi bodi. Mwaka wa ishirini na mbili sasa nanyoosha mabati, napiga pati, napiga msasa. Mpwa wangu ni muuguzi mji wa Reading, Uingereza, na alipojifungua alinialika nikamwone mtoto. Nikaanza kusoma habari za Sausamtoni ya babu. Ndipo nikajua kwamba mji ule ulikuwa na kiwanda cha ndege za vita za Spitfire, kwamba Wajerumani walikivunja kwa mabomu, na kwamba baada ya hapo ndege ziliendelea kutengenezwa kwenye gereji za magari. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Gereji!

Kwa atakayetaka kwenda: viza ya matembezi ya miezi sita nililipia pauni 115, na wakati huo pauni moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,600. Peleka taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwenyeji na ushahidi wa kazi yako. Mimi nilipeleka leseni ya biashara na picha za gereji. Safari ya basi Lindi hadi Dar na ya ndege hadi London ni kukaa tu, sina la kusimulia.

Jumatatu, 23 Septemba 2024: Reading hadi Southampton

Treni ya moja kwa moja huchukua chini ya saa moja. Yetu ilichukua karibu saa tatu. Mvua ilinyesha usiku kucha, maji yakaingia relini, tukasimamishwa katikati ya mashamba, mbuzi hakuna, mtu hakuna, ukungu tu. Simu ikaanza kuzima. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameniangalia nikihangaika na waya usioingia kwenye soketi yao. Akafungua begi, akatoa adapta yake, akanipa. Aliposhuka Winchester nikamrudishia, akakataa. "Kaa nayo, utaihitaji." Ninayo hapa mezani.

Tiketi ya kwenda na kurudi ilinigharimu pauni 34. Epuka saa za asubuhi za watu wa makazini, bei hushuka sana baada ya saa tatu na nusu ya kwetu. Treni ikichelewa sana kuna fomu ya kudai fidia. Mpwa wangu alinijazia, na wiki iliyofuata sehemu ya nauli ilirudi.

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya wageni, pauni 55 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Jioni nikatembea hadi mitaa ya St Mary's kutafuta chakula cha kueleweka. Nikaingia kwa Msomali mmoja, nikaagiza wali na nyama ya mbuzi, pauni 9. Aliponisikia naongea na mpwa wangu kwenye simu akageuka: "Ndugu, unatoka wapi?" Kakulia Eastleigh, Nairobi. Tukacheka, kisha akaniambia jambo nililokuwa nimelisoma bila kulitilia maanani: nje kidogo ya Southampton nako kuna Eastleigh, na kwenye uwanja wa ndege wa pale ndipo Spitfire ya kwanza iliporuka, tarehe 5 Machi 1936. Uwanja huo ndio leo uwanja wa ndege wa Southampton. Chai hakunitoza, akanifungia na ndizi mbili za njiani.

Jumanne, 24 Septemba: Woolston

Tarehe hii niliichagua kwa makusudi. Tarehe 24 Septemba 1940, mchana, ndipo shambulio kubwa la kwanza lilipokipiga kiwanda cha Supermarine, kampuni iliyotengeneza Spitfire, pale Woolston.

Woolston iko ng'ambo ya mto Itchen. Wakati huo basi lilikuwa pauni 2, lakini mimi nilitembea juu ya daraja la Itchen, kwa miguu halilipiwi. Ni daraja refu, limepinda, limeinuka juu sana ili meli zipite, na upepo wake unaweza kukung'oa kofia. Lilifunguliwa 1977. Zamani watu walivuka kwa pantoni iliyovutwa kwa minyororo. Simama katikati, utazame upande wa kushoto ukielekea Woolston: ukingo ule wa mto, chini kabisa, ndipo kiwanda kilipokuwa. Kilikaa miguu majini kwa sababu Supermarine walianza na ndege za majini. Spitfire ilikuja baadaye, mikononi mwa mhandisi wao R. J. Mitchell, aliyefariki 1937 kwa saratani akiwa na miaka 42. Aliiona ikiruka, hakuiona ikipigana.

Nilishuka hadi chini. Leo kuna nyumba za kuishi, yadi za boti, karakana ndogondogo. Kibao cha kumbukumbu kipo. Kilichonisimamisha lakini si kibao, ni mteremko wa saruji unaoingia mtoni, walipokuwa wakishushia ndege majini. Maji yalikuwa yametoka, kwa hiyo niliweza kuusogelea. Saruji imeliwa, kokoto zimejitokeza kama meno, mwani umeota kwenye nyufa. Nilichuchumaa nikaushika kwa kiganja. Kwetu ukiona mteremko wa namna hii unajua hapa palikuwa na bandari, hata kama ghala limekwisha kuporomoka.

Mama mmoja, nadhani wa miaka sabini na kitu, alikuwa akimtembeza mbwa. Aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamweleza: natoka Lindi, Tanzania, ni fundi, nimekuja kuona kiwanda. Akanitazama kwa muda. "Basi hujaona penyewe," akasema. "Njoo."

Akanipeleka kupanda barabara, mwendo wa dakika chache, hadi kwenye tuta la reli. Kuna njia inayopita chini ya reli, tao la matofali meusi, chini pana unyevu na hewa ya baridi. Akanieleza ya siku ile. King'ora kilipolia, wafanyakazi walitoka kiwandani wakakimbilia mahandaki ya kujikinga na mabomu yaliyokuwa upande huu wa pili wa reli. Ndege hazikukawia. Mabomu mengi yalikikosa kiwanda chenyewe, yakaangukia huku, kwenye tuta, kwenye mahandaki na kwenye nyumba za watu. Yaani waliouawa wengi ni wale waliokuwa wamefuata maagizo na kukimbilia mahali pa usalama.

Mama yake alikuwa msichana wa ofisini pale kiwandani, akinakili michoro. Siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, nywele zimejaa vumbi la chokaa, kiatu kimoja. Alikaa jikoni hakusema neno. Mpaka uzee wake hakupenda kupita chini ya tao hili, alizunguka njia ndefu.

Tulisimama pale. Treni ikapita juu, tofali zikatetemeka, tone la maji likanidondokea begani. Sikupiga picha. Huyu mama hakunijua wala mimi sikumjua, na bado alikuwa amenipa habari ya mama yake mzazi. Nilitamani niwe na chochote cha kumpa. Nikampa khanga niliyokuwa nimebeba kama zawadi ya akiba, akaomba nimsomee maandishi. Imeandikwa "Asante mama kwa ulezi wako". Nilipomtafsiria akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Ushauri kwa mtakaokwenda: msiishie kwenye kibao mtoni. Tao la reli halijatengenezewa watalii, hakuna tiketi wala mwongozaji. Vaeni viatu vya mvua, na muwe na adabu, watu wanaishi pale.

Jumatano, 25 Septemba: Hythe

Siku ya babu. Ng'ambo nyingine ya maji, kule Hythe, ndiko ndege za majini zilikokuwa zikifanyiwa matengenezo. Nilikuwa nimeota kwenda kwa kivuko na kutua kwenye gati refu la kale lenye kijitreni chake. Kumbe kivuko kilikuwa kimesimamishwa tangu kiangazi. Nikapanda basi la kuzunguka kichwa cha ghuba, pauni 2, karibu saa nzima.

Kulikuwa na mvua. Nilisimama ufukweni nikatazama maji yale ya kijivu. Hapa niseme wazi ili nisipotoshe mtu: ndege alizoziona babu zilitengenezwa mji wa Rochester na kampuni ya Short Brothers, si Woolston. Southampton ilikuwa bandari yao. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani, njia ya Mediterania ilifungwa. Ndege ziliendelea kushuka Lindi kwa sababu walipanga njia mpya ya Durban, Cairo hadi Australia, lakini hazikutoka tena Southampton. Kwa hiyo wakati mabomu yanaanguka Woolston, babu alikuwa bado anaziona ndege ghubani, na jina analolitaja lilikuwa tayari limekatika.

Nilikunywa supu, pauni 6, nikarudi.

Alhamisi, 26 Septemba: makumbusho na daraja

Makumbusho ya Solent Sky yako karibu na daraja, upande wa mjini. Fika asubuhi. Mimi niliingia milango ilipofunguliwa na nikatoka jioni.

Kwanza kuna ndege ya majini, Sandringham, kubwa kama ghala la korosho. Si zile zile za babu, ni ndugu zao wadogo waliokuja baadaye kutoka kiwanda kile kile cha Short, ila unaruhusiwa kuingia ndani. Kuna ngazi, viti, jiko. Nilikaa kiti cha dirishani na nikaelewa kwa nini mvuvi wa Lindi asingeweza kusahau. Ni meli kabisa, ina tumbo la meli.

Kisha Spitfire. Hii waliyonayo ni ya toleo la mwisho, Mark 24, ina nguvu kuliko zile za 1940, lakini ukoo ni mmoja. Niliizunguka mara sijui ngapi. Mlinzi, mzee wa kujitolea, aliona nainama kila mara kwenye ukingo wa bawa akaja kuniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kiungo. Nimezoea kuona bati limeungana wapi. Kwenye bawa hili, sehemu ya mbele, ribiti, yaani vile vipini vinavyobana mabati pamoja, zimezama kabisa, ukipitisha kidole hukwami. Nyuma zaidi zipo zenye kichwa.

Yule mzee akafurahi kama amepata ndugu. Akanisimulia kisa ambacho nimekisimulia gereji tangu nirudi. Walipokuwa wanaijaribu Spitfire ya mwanzo, walitaka kujua ni ribiti zipi lazima zizame na zipi zinaweza kubaki na kichwa, maana kuzamisha ribiti ni kazi ndefu na ya gharama. Wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakazigundisha kwa gundi juu ya kila ribiti iliyozama, zikawa kama vichwa. Wakairusha. Mwendo ukashuka kwa maili 22 kwa saa. Wakabandua mstari mmoja wa njegere, wakarusha tena, wakabandua mwingine, mpaka wakajua wapi kichwa hakina madhara. Njegere! Sisi huku tunapasua mbaazi kila siku na kuzipika, hakuna aliyefikiria kuzibandika kwenye bati.

Na lile bawa. Ukitazama kutoka juu limechorwa kama yai lililobanwa. Mstari ulionyooka karibu hakuna. Mtu asiyefanya kazi hii hataona ugumu wake, ataona uzuri tu. Bati likipinda upande mmoja, unalikunja kwenye bomba, kwisha. Likipinda pande mbili kwa wakati mmoja lazima ulivute, ulibane, ulipige taratibu kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, na ukizidisha pigo moja limetanuka, halirudi. Alumini haisamehe kama chuma. Nilimwuliza yule mzee, hawa wasichana na vijana waliojifunza kazi hii wakati wa vita walifundishwa kwa muda gani? Akasema wengine wiki chache. Nilinyamaza.

Saa kumi na robo jioni nikarudi darajani. Tarehe 26 Septemba 1940, saa kumi u nusu hivi, zilikuja ndege za mabomu za Wajerumani, Heinkel, zipatazo sitini. Safari hii hawakukosa. Majengo ya Woolston na kiwanda cha pili, kule juu kidogo ya mto, yalivunjwa. Katika mashambulio haya mawili walikufa watu zaidi ya 100, wafanyakazi na majirani zao. Spitfire zilizokuwa tayari ndani ya kiwanda nazo ziliharibiwa. Nilisimama katikati ya daraja saa ile ile, upepo, magari yakipita nyuma yangu, watu wakirudi kutoka kazini. Msichana mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli alisimama akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama, natazama tu. Alisubiri mpaka nilipoanza kutembea ndipo akaondoka.

Ijumaa, 27 Septemba: katikati ya mji, na Hollybrook

Usidhani walikomea kiwandani. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1940 na wa kesho yake, tarehe 1 Desemba, mji wenyewe uliteketezwa. Ukitembea barabara ya Above Bar utashangaa: mji wa karne nyingi, na maduka yake ni ya ghorofa mbili tatu za miaka ya hamsini. Hiyo ndiyo alama ya bomu, haioneshi kovu, inaonesha ngozi mpya. Lango la kale la Bargate lilinusurika, limesimama katikati kama mzee aliyebaki peke yake kwenye picha ya familia.

Kanisa la Holyrood halikunusurika. Lilijengwa 1320, likaungua usiku ule wa 30 Novemba. Hawakulijenga upya. Mnara upo, kuta zipo, paa hakuna, mvua inanyesha hadi sakafuni. Tangu 1957 ni kumbukumbu ya mabaharia wa meli za biashara. Niliwakuta wanaume wawili wamekaa kwenye benchi wakila mikate yao ya mchana, wakanisogezea nafasi.

Jambo moja la kiufundi kuhusu usiku ule limenikaa rohoni. Magari ya zimamoto yalikuja kusaidia kutoka miji mingine, lakini kila mji ulikuwa na viunganishi vya mipira vya aina yake, na mingine haikuingiliana. Moto uko mbele, maji yapo, mpira upo, nati hazikubaliani. Mwaka uliofuata serikali iliunganisha vikosi vyote vikawa kimoja cha taifa. Kila fundi aliyewahi kuletewa spea isiyoingia anaijua hasira ile, lakini sisi hasira yetu ni ya gari kulala gereji.

Pale Civic Centre, jumba jeupe lenye mnara wa saa, bomu la tarehe 6 Novemba lilitoboa hadi chini walikokuwa wamejificha watoto waliokuwa kwenye somo la sanaa. Niliingia nyumba ya sanaa iliyopo leo, haina kiingilio. Nilitazama picha mbili tatu, sikuweza kukaa.

Mchana nikapanda basi hadi makaburi ya Hollybrook, Shirley. Wapo waliouawa na mabomu, sehemu yao inatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa. Nilisoma majina ya familia moja moja, baba, mama, watoto, tarehe ileile. Karibu yake kuna ukuta mkubwa wa majina ya waliopotea baharini katika vita vya kwanza. Nikaanza kusoma na nikakutana na majina ya Kixhosa, Kipondo, Kisotho. Ni Waafrika wa kikosi cha vibarua waliozama na meli ya Mendi, Februari 1917, zaidi ya 600. Sikuwa nimewatarajia. Mtunza bustani alinikuta nimesimama mbele yao, akazima mashine yake ya kukata nyasi, akaiacha imezimwa mpaka nilipoondoka.

Choo kipo karibu na lango, duka la chakula hakuna. Beba maji.

Jumamosi, 28 Septemba: Salisbury, kwenye gereji

Sasa nakuja kwenye lile lililonitoa nyumbani.

Baada ya mabomu ya Septemba, waziri wa utengenezaji wa ndege, Lord Beaverbrook, aliamuru kazi itawanywe. Jigi, yaani zile fremu za chuma zinazoshika bati lisiyumbe wakati unaliunga, nyingi zilitolewa kwenye kifusi zikiwa nzima. Zikapakiwa kwenye malori. Ndani ya Southampton kwenyewe wakachukua gereji za magari, karakana ya mabasi, na hata nyumba ya kufulia nguo ya Sunlight, Shirley. Wachoraji wakahamishiwa jumba la Hursley Park. Kazi nyingine ikaenda Salisbury, Trowbridge, Reading na Newbury. Reading! Mpwa wangu anaishi kule mwaka wa sita na hakuwa anajua.

Treni ya Southampton hadi Salisbury ni nusu saa na kidogo, kwenda na kurudi haikufika pauni 15. Watalii wote walishuka wakaelekea kanisa kuu lenye mnara mrefu. Mimi nikaelekea upande mwingine, Castle Street na Castle Road. Huku ndiko gereji zilikokuwa, za magari na ya mabasi. Gereji hii inatengeneza mabawa, ile inatengeneza kiwiliwili. Vipande vikifungwa kwenye matrela marefu hupelekwa kwenye viwanja vidogo vya ndege nje ya mji, kama High Post, vinaunganishwa, vinarushwa. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake na wasichana ambao kabla ya hapo hawakuwahi kushika drili. Waliambiwa wasiseme, na hawakusema. Kuna waliokaa nyumba moja na watoto wao miaka arobaini bila kuwaambia. Sanamu ya Spitfire ya ukubwa kamili, kwa heshima yao, imesimamishwa Castle Road mwaka 2021 tu.

Nilifika chini ya ile sanamu mvua imekata. Niliitazama kidogo, kisha nikafanya kilichonileta: nikatafuta gereji yoyote inayofanya kazi. Nikaipata mtaa wa nyuma. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasema habari za kazi, nikamwambia nami ni fundi, bodi na rangi. Akajitoa, akajifuta mkono kwa tambara, akanipa. Nilimwuliza kama anajua kwamba mji huu ulitengeneza Spitfire kwenye gereji. Akasema bibi yake mzaa baba alikuwa anapiga ribiti. Wawili wawili: mmoja anapiga nje, mwenzake, aliye mdogo wa mwili, anaingizwa ndani kushika chuma cha kupokelea pigo. Bibi yake alikuwa mdogo, kwa hiyo alikaa ndani. Masikio yake hayakupona.

Akatengeneza chai kwenye birika lililochakaa, kikombe kina alama za vidole vya grisi kama vyetu. Tuliongea habari za pati, bei ya rangi, vijana wasiotaka kupiga msasa kwa mkono. Sikuona tofauti. Nilipoaga akafungua droo, akanipa ribiti sita za alumini, mpya, za kazi yake ya kawaida.

Jumapili nilirudi Reading, nikalala siku nzima.

Lindi

Siku ya pili baada ya kufika nilifungua gereji mapema. Vijana wangu watatu walikuja, nikawaonesha picha, nikawapa zile ribiti mojamoja wazishike. Mdogo wao akauliza swali ambalo wakubwa hawakuuliza: bawa lingepita mlangoni?

Tukachukua futi kamba. Spitfire toka ncha ya bawa hadi ncha ni mita 11 na sentimita 23, kwa hiyo bawa moja ni kama mita tano. Mlango wetu ni mita nne na sentimita kumi. Tukapima ndani, kutoka ukutani hadi kwenye benchi la vaisi: mita sita na nusu. Tukachora bawa kwa chaki sakafuni, mimi nikiongoza ile mipindo kwa kukumbuka. Lingeingia kwa kuinamishwa, ncha mbele, watu wanne wamelibeba. Ingebidi tulitoe lile benchi. Siku ile mteja aliyeleta Noah yake kunyooshwa bampa alilazimika kuiegesha nje, kwa sababu hakuna aliyetaka kukanyaga chaki.